Klabu za sayansi za shule nchini Tanzania

Klabu za sayansi za shule ni vikundi vya wanafunzi wanaokutana baada ya vipindi vya darasani, kwa kawaida mara moja kwa wiki, ili kufanya majaribio, kuchunguza mazingira, kutengeneza vifaa na kujadili maswali ya sayansi kwa hiari yao. Kila klabu huwa na mwalimu mmoja au wawili wanaoitwa walezi. Uongozi wa kila siku huwa mikononi mwa wanafunzi wenyewe, yaani mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

Nchini Tanzania klabu hizo zina umuhimu wa pekee katika shule za sekondari za kata, ambako mara nyingi wanafunzi ni wengi, walimu wa fizikia na hisabati ni wachache na vifaa vya maabara havitoshi. Makala hii inaeleza historia, uendeshaji na changamoto za klabu hizo, kwa mifano hasa kutoka Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa.

## Tofauti na masomo ya ziada

Klabu ya sayansi si twisheni. Twisheni, au masomo ya ziada, hurudia mada za muhtasari wa somo kwa ajili ya mtihani, na mara nyingi hulipiwa. Klabu huanza na swali la mwanafunzi: kwa nini maharage yanachelewa kuiva? Kwa nini radi inapiga mti ule na si mwingine? Jibu hutafutwa kwa kupima na kulinganisha. Hakuna alama, na mwanafunzi anayekosea hapati adhabu.

Hata hivyo, klabu na darasa hutegemeana. Mwanafunzi aliyewahi kushika kipimajoto na kuandika vipimo vyake katika jedwali haogopi mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Vilevile klabu isiyohusiana kabisa na masomo hupoteza wanachama mitihani inapokaribia.

## Historia

### Chimbuko duniani

Desturi ya kuwafundisha vijana sayansi nje ya darasa ni ya zamani. Mjini London taasisi ya Royal Institution ilianzisha mihadhara ya Krismasi mwaka 1825, na baadaye Michael Faraday alikuwa mmoja wa watoaji wake maarufu. Mihadhara hiyo iliambatana na majaribio yaliyofanywa mbele ya hadhira. Katika karne ya 20 yalienea maonyesho ambayo wanafunzi wenyewe huonyesha kazi zao. Mfano mmoja ni maonyesho ya wanasayansi chipukizi ya Ireland, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mjini Dublin mwaka 1965.

Mwaka 1956 UNESCO ilitoa kitabu cha mwongozo kwa walimu wa sayansi. Kitabu hicho kilionyesha namna ya kutengeneza vifaa vya majaribio kwa makopo, chupa, mbao na nyaya, na kilitumika katika nchi nyingi zenye shule zisizo na maabara.

### Tanzania na majirani

Mwaka 1967 Julius Nyerere alitoa andiko la *Elimu ya Kujitegemea*, lililotaka shule iwe sehemu ya jamii na mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Shule nyingi zilianzisha mashamba, mifugo na karakana. Saa za alasiri zilizotengwa kwa kazi za kujitegemea zilizoea kuwa saa za jembe, lakini msingi wake, yaani kujifunza kwa mikono, ndio uleule unaotumiwa na klabu za sayansi.

Klabu za mazingira zilitangulia. Klabu za wanyamapori za Kenya zilianzishwa mwaka 1968, na Tanzania ilifuata kwa klabu za Malihai mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1991 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe mkoani Kigoma, alianzisha mjini Dar es Salaam mpango wa Roots & Shoots pamoja na kikundi kidogo cha wanafunzi wa sekondari. Mpango huo ulioanzia Tanzania umeenea katika nchi nyingi za dunia.

Mwaka 2011 ulianzishwa mpango wa Young Scientists Tanzania (YST) kwa mfano wa ule wa Ireland, na maonyesho yake ya kwanza ya kitaifa yalifanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Mwaka 2019 serikali ilianzisha Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yanayojulikana kwa kifupi kama MAKISATU, ambayo yana nafasi pia kwa wanafunzi wa shule za msingi na sekondari.

Nchini Kenya mwalimu Peter Tabichi wa shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko, kaunti ya Nakuru, alipokea Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019. Shule hiyo ya kijijini ilikuwa na kompyuta moja na intaneti dhaifu. Miongoni mwa sababu za tuzo ilikuwa kazi yake ya kuikuza klabu ya sayansi ya shule, ambayo wanafunzi wake walifika katika mashindano ya kimataifa nchini Marekani.

### Swali la Erasto Mpemba

Mfano unaotajwa zaidi wa ugunduzi wa mwanafunzi wa Kitanzania ni ule wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuhofia kukosa nafasi katika friza, aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, na akaona yameganda kabla ya yale yaliyopoozwa kwanza. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba amechanganyikiwa.

Baadaye, akiwa mwanafunzi wa Mkwawa mjini Iringa, alimwuliza swali hilohilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, aliyetembelea shule yao. Wenzake walicheka, lakini Osborne alirudi chuoni na kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la *Physics Education*, na jambo hilo likaitwa athari ya Mpemba. Wataalamu hawajakubaliana: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliorudia vipimo hivyo kwa uangalifu waliandika kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuwepo kwake.

Kwa walezi wa klabu kisa hiki kina mafunzo mawili. Kwanza, swali lilizaliwa nje ya kipindi cha darasani, katika shughuli ya kawaida ya vijana. Pili, linaweza kupimwa tena na kikundi chochote chenye friza, maji, vikombe viwili vinavyolingana na kipimajoto. Matokeo ya namna yoyote yana thamani yakiandikwa kwa ukweli.

## Hali ya masomo ya sayansi sekondari

Kuanzia mwaka 2004, kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule za kata zilijengwa kwa wingi nchini. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, yaani ya fizikia, ya kemia na ya biolojia. Wananchi walichangia fedha na nguvu kazi, majengo mengi yalisimama, lakini kuyajaza vifaa, kemikali na walimu kulichukua muda mrefu zaidi. Tangu Januari 2016 wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali hawalipi ada, na idadi yao imeongezeka sana. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inasisitiza ujuzi na vitendo.

Kwa muda mrefu mwanafunzi aliyeingia kidato cha tatu aliweza kuacha fizikia na kemia. Uamuzi huo, uliofanywa na kijana wa miaka 15 au 16, ulifunga mapema njia ya uuguzi, udaktari, uhandisi, maabara na kilimo cha kisasa. Wengi waliacha kwa kuogopa somo ambalo hawajawahi kuliona kwa vitendo. Hisabati nayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini katika mtihani wa kidato cha nne.

Suala jingine ni lugha. Katika vijiji vya Ufipa mtoto huongea Kifipa nyumbani, husoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na sayansi kwa Kiingereza anapoingia sekondari. Mara nyingi mwanafunzi hukaa kimya si kwa kukosa wazo, bali kwa kukosa maneno. Katika klabu anaweza kuuliza na kubishana kwa Kiswahili, kisha akajifunza istilahi ya Kiingereza akiwa tayari anaelewa kitu chenyewe.

## Ufipa kama maabara ya wazi

Uwanda wa juu wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, ambako unaishia kwenye mteremko mkali wa Lyamba lya Mfipa. Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974, uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Tofauti hizo za kimo, hali ya hewa na miamba huipa shule ya eneo hilo majaribio mengi yasiyohitaji fedha.

### Maji yanayochemka mapema

Kadiri mahali palivyo juu, ndivyo kani eneo ya hewa inavyopungua na maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Kwa makadirio, kiwango cha mchemko hupungua kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 300. Kwa hiyo Dar es Salaam maji huchemka kwa karibu nyuzi 100, kandokando ya Ziwa Tanganyika kwa karibu 97, na Sumbawanga kwa karibu 94. Ndiyo sababu mojawapo ya maharage kuchelewa kuiva mlimani hata moto ukiwa mkali, na ndiyo sababu sufuria ya presha huokoa kuni.

Wanafunzi waliosafiri kwenda Kasanga au bonde la Rukwa wanaweza kupima huko na kulinganisha. Ni lazima kutumia kipimajoto kilekile, kwa kuwa vipimajoto vya shule hutofautiana kwa nyuzi 1 au zaidi.

### Jua na kivuli

Sumbawanga iko karibu digrii 8 kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Siku hizo fimbo iliyosimama wima haina kivuli kwa dakika chache. Kati ya Oktoba na Februari kivuli cha mchana huelekea kaskazini, na miezi mingine huelekea kusini.

Jaribio hilo huonyesha jambo la pili. Kivuli kifupi zaidi hakionekani saa 6 kamili mchana, bali karibu saa 7. Saa ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa longitudo wa digrii 45, wakati Sumbawanga iko karibu digrii 31.6, na Dunia huchukua dakika 4 kuzunguka digrii 1. Kwa sababu hiyohiyo jua huchelewa kufika utosini Sumbawanga kwa takriban nusu saa kuliko Dar es Salaam. Kwa klabu hilo lina faida ya moja kwa moja: mwanga wa jioni hudumu hadi karibu saa 1 usiku.

### Mvua

Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Kipimamvua hutengenezwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa kuwa faneli, na rula ikabandikwa ubavuni. Kwa kuwa chupa nyingi zina kitako kisicho sawa, hutiwa kokoto na maji hadi mahali ambapo ubavu umenyooka, na hapo ndipo sifuri ya rula huanzia.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo paa la darasa lenye mita za mraba 60 hupokea lita 600 katika mvua ya milimita 10. Hesabu hii fupi inaweza kuwa hoja ya kujenga tangi katika shule ya kijijini. Rekodi ya kila siku kwa miaka kadhaa huwasaidia pia wakulima wa mahindi, maharage, ulezi na alizeti kujadili mwanzo wa msimu kwa takwimu.

### Udongo na intumba

Wafipa wana kilimo cha matuta ya mviringo yaitwayo *intumba*. Udongo wa juu pamoja na nyasi hugeuzwa ili nyasi zifunikwe ndani na kuoza. Hulimwa maharage au mazao mengine juu ya matuta, na msimu unaofuata udongo hutawanywa kwa ajili ya ulezi au mahindi. Kwa lugha ya biolojia hiyo ni mboji inayotengenezwa shambani, na mizizi ya maharage huishi pamoja na bakteria wanaofunga naitrojeni ya hewani.

Klabu inaweza kulima vipande viwili vidogo, kimoja kwa intumba na kingine kwa jembe la kawaida, kisha kupima joto la udongo, urefu wa mimea na uzito wa mavuno. Wazee wa kijiji huwa walimu wazuri wa jaribio hili.

### Chuma cha malungu

Hadi nusu ya kwanza ya karne ya 20 Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri refu za udongo ziitwazo *malungu* (umoja: *ilungu*), zenye kimo cha karibu mita 3. Malungu hayakutumia mivukuto. Hewa ilivutwa yenyewe kupitia mirija ya udongo chini ya tanuri, kwa kuwa hewa ya moto hupanda juu. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri dogo liitwalo *kintengwe*, lililotumia mivukuto. Mwanaakiolojia Mtanzania Bertram Mapunda ni miongoni mwa waliotafiti teknolojia hiyo kwa kina.

Ndani ya tanuri makaa yaliyoungua kwa hewa pungufu yalitoa gesi ya kabonimonoksaidi, ambayo iliondoa oksijeni katika mawe ya chuma. Ni mmenyuko uleule unaofundishwa kidato cha tatu kwa mchoro wa tanuri la Ulaya. Mwanafunzi wa Ufipa anaweza kuufahamu kwa tanuri la babu zake. Mabaki ya malungu ni urithi wa taifa. Huchorwa na kupigwa picha, lakini hayachimbwi wala kubomolewa.

### Ufa, matetemeko na visukuku

Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, na Ziwa Rukwa lenye kina kifupi na lisilo na mto unaotoka, yote mawili yako katika Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilikumbwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, moja ya makubwa zaidi barani Afrika katika karne ya 20. Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza kisukuku cha *Rukwapithecus*, mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi karibu miaka milioni 25 iliyopita, kilichopatikana katika bonde la ufa la Rukwa. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba katika bonde hilo kuna gesi ya heli. Barabarani kuelekea Mbeya, katika Mkoa wa Songwe, kuna Kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli lililoanguka kutoka angani.

Kusini-magharibi, mpakani na Zambia, yako Maporomoko ya Kalambo yenye kimo cha zaidi ya mita 200. Ni mfano mzuri wa hesabu ya nishati: kama nishati yote ya maji yanayoanguka ingegeuka joto, maji ya chini yangekuwa na joto zaidi kwa karibu nusu ya nyuzi 1 ya Selsiasi tu.

### Radi

Jina Sumbawanga hufasiriwa kwa Kifipa kuwa "tupa uchawi", na mji huo umezungukwa na simulizi nyingi kuhusu radi inayotumwa. Klabu ya sayansi haina haja ya kuwakejeli wazee wa mwanafunzi. Inaweza kuanza na kupima. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo kila sekunde 3 kati ya mwanga na ngurumo ni umbali wa kilometa 1 hivi. Wanachama wakiandika tarehe, saa na umbali kwa msimu mzima, hupata ramani ya dhoruba na kuona zinatokea zaidi mchana au usiku.

Elimu hii inahusu uhai. Katika uwanda wa wazi mti wa pekee ndio kitu kirefu kuliko vyote, na anayejikinga mvua chini yake yuko hatarini. Wanafunzi hufundishwa kuondoka uwanjani mara wanaposikia ngurumo, kuingia ndani ya jengo imara na kukaa mbali na mabomba, nyaya na madirisha. Jaribio lolote la kuvuta radi kwa waya au tiara ni marufuku.

## Vifaa vya bei nafuu

Klabu nyingi hutumia vifaa vinavyopatikana sokoni au nyumbani:

* Bomba la sindano lisilo na sindano hutumika kupimia ujazo. Liwe jipya, lisiwe limetumika hospitali.
* Mizani ya kijiti hutengenezwa kwa rula na vifuniko viwili vya chupa. Kwa kuwa mililita 1 ya maji ina tungamo la gramu 1, bomba la sindano na maji hutosha kuisawazisha.
* Kiashiria cha asidi na besi hupatikana kwa kuchemsha maua makavu ya rosela (choya). Maji yake huwa mekundu katika limau na hugeuka kijani katika maji ya majivu.
* Pendulo ni jiwe na uzi. Uzi wa mita 1 huenda na kurudi kwa karibu sekunde 2. Wa sentimita 25 kwa karibu sekunde 1.
* Saketi ya umeme hutengenezwa kwa betri za tochi, nyaya na globu ndogo kutoka katika redio au tochi mbovu.

Umeme wa ukutani hautumiki katika majaribio ya wanafunzi. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilipata umeme kutoka Zambia, nje ya gridi ya taifa, na kukatika kwake kulikuwa jambo la kawaida. Majaribio ya betri na jua yamefaa zaidi kwa usalama na kwa uhakika.

Maji ya majivu, asidi ya betri za magari na spiriti vinaweza kuunguza macho na ngozi. Asidi ya betri haifai kabisa kwa klabu. Kwa vingine lazima mlezi awepo, pamoja na ndoo ya maji safi na mchanga wa kuzimia moto.

## Uendeshaji

Klabu inayodumu huwa na mambo machache ya msingi. Siku na saa havibadiliki. Vikundi ni vya watu watatu hadi watano ili kila mmoja ashike kifaa. Kila kikundi kina daftari moja linalobaki shuleni, ambamo huandikwa swali, kisio la jibu, hatua, vipimo na hitimisho. Kila kipimo hurudiwa walau mara tatu na wastani wake hutafutwa. Matokeo yasiyotarajiwa hayafutwi.

Wanachama wa kidato cha tatu na cha nne huwafundisha wa kidato cha kwanza na cha pili. Utaratibu huu husaidia shule yenye mwalimu mmoja wa fizikia, na pia huiwezesha klabu kuendelea mlezi anapohamishwa. Wageni kama muuguzi, fundi redio, bwana shamba au mwanafunzi wa chuo cha ualimu hualikwa mara moja kwa mwezi. Sumbawanga kuna chuo cha ualimu na kampasi ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambako shule za jirani zinaweza kuomba msaada.

## Wasichana katika klabu

Saa za baada ya masomo hazilingani kwa wote. Msichana wa shule ya kutwa mara nyingi anasubiriwa nyumbani kuteka maji, kupika na kulea wadogo, na wengine wana safari ndefu kwa miguu. Klabu inayoisha jioni sana huwa ya wavulana bila mtu yeyote kukusudia hivyo.

Njia zinazosaidia ni kukutana katika muda wa michezo ndani ya ratiba ya shule, kumaliza mapema, wanafunzi wa njia moja kuondoka pamoja, na mlezi kuongea na wazazi katika mkutano wa shule. Uongozi ugawanywe pia: pasipo uangalizi, wavulana hushika vifaa na wasichana huachiwa kuandika. Serikali imepanga shule moja ya sekondari ya wasichana ya masomo ya sayansi kwa kila mkoa wa Tanzania Bara, lakini wasichana wengi wataendelea kusoma katika shule za kata, na ndiko klabu inakohitajika.

## Mashindano

Katika YST wanafunzi huwasilisha utafiti wao kwa bango na kuwaeleza waamuzi. Kazi huweza kuwa za fizikia, kemia na hisabati, za biolojia na ikolojia, za teknolojia, au za sayansi ya jamii. Kazi zinazotokana na tatizo la kijiji, kama kuhifadhi mahindi dhidi ya dumuzi au kusafisha maji ya kisima, ni rahisi kuzitetea kuliko zile zilizonakiliwa kutoka kitabuni, kwa sababu mwanafunzi ana vipimo vyake mwenyewe.

Walimu wengine huonya kwamba mashindano yasiwe lengo pekee. Shule ikiteua wanafunzi wawili hodari na kuwaandaa peke yao, wengine 40 hurudi kuwa watazamaji. Maonyesho madogo ya shule, ambayo kila kikundi huonyesha kazi yake mbele ya wazazi na shule za msingi za jirani, hufikia watu wengi kwa gharama ndogo.

## Changamoto

* Walimu. Mlezi hujitolea muda baada ya vipindi vingi, kwa kawaida bila malipo. Akihama, klabu nyingi hufa ndani ya muhula mmoja.
* Fedha. Michango ya lazima hairuhusiwi katika elimu bila ada, hivyo klabu hutegemea vifaa vya kuokota, bustani ya shule au hisani ya wazazi.
* Umbali. Shule za bondeni na za mwambao wa Ziwa Tanganyika ziko mbali na mji, na usafiri wakati wa masika ni mgumu. Maonyesho ya mkoa huwafikia zaidi wanafunzi wa mjini.
* Msimu wa kilimo. Mahudhurio hupungua wakati wa kulima na kuvuna. Majaribio ya shambani hupunguza tatizo hili, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuyafuatilia nyumbani kwao.
* Shinikizo la mitihani. Baadhi ya shule husitisha klabu kwa vidato vya pili na vya nne ili kutoa nafasi kwa masomo ya ziada.
* Kumbukumbu. Madaftari ya klabu mara nyingi hutupwa mwisho wa mwaka. Shule inayoyatunza hupata rekodi za mvua, mavuno na radi za miaka mingi, ambazo wanafunzi wanaofuata huweza kuziendeleza bila kuanza upya.